Je, Wajua? Jumba Lisilokuwapo na Kamera Inayotembea

Je, wajua kwamba jumba uliloliona jana kwenye filamu, mhusika akipita mbele yake na kamera ikimfuata nyuma, huenda halijawahi kujengwa popote duniani? Mhusika ni wa kweli, barabara ni ya kweli, hata vumbi ni la kweli. Jumba limechorwa kwenye kompyuta, likapandikizwa baadaye. Na kulichora si ndiko kunakowatoa mafundi jasho. Jasho linawatoka katika kulifanya litulie pale pale lilipowekwa, huku kamera ikitembea, ikiinama, ikigeuka na kutikisika mkononi mwa mpiga picha. Likiteleza hata kwa upana wa unywele, jicho linashtuka kabla akili haijajua kwa nini.

Wajua kwamba siri ya kazi hiyo umeshaiona dirishani mwa basi? Panda basi la Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukae upande wa dirisha. Nguzo za umeme zilizo kando ya barabara zinakupita mbio. Mashamba ya mkonge yanapita taratibu. Milima ya Uluguru inajivuta kana kwamba haitaki kuachwa, na kama ni usiku, mwezi unakufuata mpaka unashuka stendi. Kilicho karibu hukimbia, kilicho mbali hukawia. Wataalamu wanaiita hali hiyo paralaksi, na ndani yake zimo habari zote mbili zinazotakiwa: kila kitu kiko umbali gani, na wewe umetembea vipi.

Kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa kurudi nyuma. Huchagua mamia ya nukta kwenye video, huzifuata moja moja kutoka fremu hadi fremu, yaani kutoka picha moja ya video hadi inayofuata, kisha hujiuliza: ili nukta zote hizi zisogee hivi zilivyosogea, kamera ilikuwa imesimama wapi, na imeelekea wapi, katika kila fremu? Jibu lake ni njia kamili ya kamera angani. Sasa ndani ya kompyuta huwekwa kamera ya kubuni, ikapitishwa njia ile ile, ikalipiga picha jumba la kubuni. Picha hizo mbili zikilazwa moja juu ya nyingine, jumba linatulia. Kazi hii ndiyo kufuatilia mwendo wa kamera, na watazamaji wengi hawajui kwamba ipo.

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi dawa ya tatizo hili ilikuwa moja tu, yaani kamera isisogee kabisa? Mfaransa Georges Méliès, aliyekuwa mwanamazingaombwe kabla ya kuwa mtengenezaji wa filamu, mwaka 1901 alitoa filamu fupi ya kichwa kinachovimba kama puto. Ungetarajia kamera isogezwe karibu ili kichwa kikue. Hakuisogeza. Alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti, akavutwa kuelekea kwenye kamera juu ya njia iliyoinuka, huku kamera imekazwa mahali pake. Mkanda ule ule ulipita zaidi ya mara moja ndani ya kamera, kwa hiyo mtikisiko mdogo tu ungeharibu kazi yote.

Je, wajua kwamba mojawapo ya kazi za mwanzo kabisa za kupandikiza majengo kwenye filamu ilifanywa kwa ajili ya magofu? Mwaka 1907 Mmarekani Norman Dawn alipiga filamu ya misheni za kale za California, zilizojengwa zama za Wahispania, nazo zilikuwa zimebomoka. Alisimamisha kioo mbele ya kamera, akachora juu yake sehemu zilizokosekana, akioanisha kila mstari wa rangi na ukuta uliobaki nyuma ya kioo. Kwenye filamu majengo yakasimama tena. Nakuomba ukiweke kisa hiki akilini, maana nitakirudia.

Mwaka 1977, filamu ya Star Wars ilipotoka, hesabu ya kusoma njia ya kamera kutoka kwenye picha ilikuwa bado haijaingia kwenye filamu. Kikosi cha mafundi wa filamu hiyo, kikiongozwa na John Dykstra, kikapita mlango mwingine: kiliunda kamera inayoendeshwa na mota, ikaitwa Dykstraflex, iliyoweza kurudia njia ile ile mara kumi, mara ishirini, bila kukosea. Mara ya kwanza inapiga picha ya chombo kimoja cha angani, mara ya pili chombo kingine, kisha picha zinaunganishwa. Kwa kuwa hawakuweza kuijua njia ya kamera baada ya kupiga, waliiamua kabla ya kupiga.

Na je, wajua kwamba katika Jurassic Park ya mwaka 1993 dinosaria waliotengenezwa kwa kompyuta wanaonekana kwa dakika zisizozidi 6? Waliobaki ni mashine zenye ngozi ya mpira. Lakini dakika hizo chache zilitosha kubadili filamu duniani, kwa sababu kamera ilikuwa huru kutembea na mnyama akabaki na miguu yake ardhini. Zama hizo sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa macho na mkono: fundi analinganisha kamera ya kompyuta na ya kweli fremu baada ya fremu, akisaidiwa na vipimo vilivyochukuliwa mahali penyewe.

Wajua kwamba hesabu yenyewe ina umri mkubwa kuliko sinema? Mwaka 1858 kijana Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Kazi hiyo ilifanywa kwa kupanda ukutani na kamba ya kupimia. Akiwa juu, aliteleza, nusura aanguke afe. Aliposhuka salama, wazo lilikuwa limemwingia: kwa nini mtu ahatarishe roho yake kupima ukuta, wakati picha ya ukuta huo inaweza kupimwa mezani? Akatumia maisha yake yote kulitekeleza wazo hilo. Jina fotogrametria, yaani upimaji kwa picha, lilitoka kwake mwaka 1867, na mwaka 1885 huko Berlin ilianzishwa taasisi ya kuhifadhi vipimo vya majengo ya kale kwa njia hiyo, yeye akiiongoza. Mtu aliyenusurika kuanguka kwenye jengo la kale ndiye aliyetupa njia ya kuyahifadhi majengo ya kale.

Mwaka 1913 Erwin Kruppa wa Austria alithibitisha kwamba ukiwa na picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa na kamera unayoijua vizuri, nukta 5 zinazoonekana katika picha zote mbili zinatosha kukuambia kamera imehama vipi, ukibaki na majibu machache tu ya kuchagua. Tano tu! Programu za leo hutumia mamia si kwa sababu hesabu inadai hivyo, bali kwa sababu nukta nyingine hudanganya.

Je, wajua kwamba mwaka 1981 pekee ulileta vitu vitatu ambavyo kazi hii inavitegemea mpaka leo? Huko Pittsburgh, Bruce Lucas na Takeo Kanade walitoa mbinu ya kufuata kipande kidogo cha picha kutoka fremu moja kwenda nyingine. Uingereza, Christopher Longuet-Higgins alichapisha njia fupi ya kupata mahali pa kamera kutokana na nukta 8. Huyu alianzia kwenye kemia, na alikuwa mmoja wa walimu waliomsimamia Peter Higgs, yule wa Tuzo ya Nobeli ya fizikia ya mwaka 2013, katika masomo yake ya udaktari. Na California, Martin Fischler na Robert Bolles walionyesha jinsi ya kuzikamata nukta zinazodanganya.

Hili la tatu nalipenda kuliko yote, kwa hiyo tulikalie kidogo. Tuseme video yako ina mti wa mwembe, na nyuma yake unapita waya wa umeme. Pale tawi linapoonekana kukatana na waya, kompyuta inaona kona nzuri, nyeusi, safi, ikaishika. Lakini kona hiyo haipo popote. Tawi liko mita 5 kutoka kwako, waya uko mita 30. Ukisogea hatua moja, makutano yao yanateleza kando ya waya, na kompyuta inadhani imeona kitu kinachotembea. Nukta kama hiyo ni shahidi wa uongo. Ukiiamini, jumba lako litayumba.

Dawa ya Fischler na Bolles inafanana na baraza la wazee. Chukua mashahidi wachache kwa bahati nasibu, sikiliza habari yao, kisha waulize wengine wote: nani anaikubali habari hii? Hesabu mikono. Rudia kwa kundi jingine, na jingine, mara mamia. Habari inayokubaliwa na wengi ndiyo inayochukuliwa, na wale wasiokubaliana nayo wanatolewa nje ya baraza. Waongo ni nadra kukubaliana, kwa kuwa kila mmoja anadanganya kwa namna yake. Ndiyo maana gari linalopita, mawimbi ya bahari, majani yanayopepea na kivuli kinachosogea havimpi taabu kubwa fundi wa leo, mradi tu visiwe vingi kuliko vitu vilivyotulia.

Wajua adui mkubwa wa kazi hii? Ukuta mweupe. Simama mbele ya ukuta uliopakwa rangi moja safi, upige video ukitembea. Kompyuta haina pa kushika. Kila kipande cha ukuta kinafanana na jirani yake. Ndiyo maana kwenye maeneo ya kupigia filamu utaona misalaba ya utepe imebandikwa ukutani, au mipira ya tenisi imetawanywa kwenye nyasi. Watu hudhani ni uchafu uliosahaulika. Hizo ndizo alama, nazo hufutwa baadaye kwa kompyuta. Ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa, uliomomonyoka, wenye nyufa na madoa ya ukungu, ni zawadi kubwa kwa fundi, kwani kila shubiri ina alama yake.

Je, wajua kwamba ugonjwa huo huo wa kukosa pa kushika uliangusha helikopta kwenye sayari ya Mirihi? Ingenuity ya NASA, yenye uzito wa kilo 1.8, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021. Tumboni ilikuwa na kamera iliyopiga picha 30 kila sekunde, na kompyuta yake ilifuata mawe na alama za ardhini ili kujua inaelekea wapi. Katika safari ya 6, picha moja tu ilipotea, saa za picha zilizofuata zikawa si sahihi, helikopta ikayumba kama mlevi kabla ya kutua salama. Ilikusudiwa kuruka mara 5. Ikaruka mara 72. Safari ya mwisho, Januari 2024, ilipita juu ya mawimbi ya mchanga yasiyo na mawe. Uchunguzi ulionyesha kwamba haikupata alama za kutosha, ikatua vibaya, panga zake zikavunjika. Mchanga ule ulikuwa ukuta mweupe.

Kipanya cha kompyuta ulichokishika ofisini kinafanya kazi hiyo hiyo. Tumboni mwake kuna kamera ndogo sana inayopiga picha za meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde na kulinganisha kila moja na iliyotangulia. Ndiyo sababu hugoma juu ya kioo kitupu.

Je, wajua kwamba kompyuta haiwezi kujua ukubwa wa kitu chochote kwenye video? Hili linawashangaza wengi. Piga video ya jahazi la kuchezea la mtoto, karibu, ukisogeza kamera sentimita 5. Piga nyingine ya jahazi la kweli, mbali, ukitembea mita kadhaa. Hesabu za hizo mbili zinaweza kulingana sawasawa. Kamera inajua maumbo na uwiano, haijui mita. Kwa hiyo ni lazima binadamu aiambie kipimo kimoja cha kweli: kutoka mlango huu hadi nguzo ile ni mita 4. Kipimo kimoja kinatosha. Vingine vyote hujipanga vyenyewe. Kosa hicho, na jumba lako litakuwa sawa sawa kwa kila kitu ila mtu aliye mbele yake ataonekana kama sisimizi au kama jitu.

Na wajua kwamba kamera iliyo juu ya stendi, ikigeuzwa tu kulia na kushoto, haiwezi kupima umbali hata kidogo? Jaribu mwenyewe. Simama, funga jicho moja, ugeuze kichwa polepole bila kusogeza mwili. Karibu na mbali vinapita takriban pamoja. Sasa chukua hatua moja pembeni, na vitu vinaachana. Mpiga video anayetaka kupandikiza jengo baadaye hana budi kutembea.

Lenzi nayo ina uongo wake. Lenzi pana hupinda mistari iliyonyooka, hasa pembezoni mwa picha. Ukuta wa kompyuta umenyooka kabisa, hivyo ukiuweka kwenye picha iliyopinda, kingo zao haziwezi kukutana. Mafundi hupiga kwanza picha ya ubao wenye miraba myeusi na myeupe, wakapima mpindo wa lenzi ile, wakaunyoosha, wakafanya kazi yao, kisha wakaupinda tena upya ili picha ibaki na sura yake ya asili. Watazamaji wamezoea kasoro za lenzi. Zikikosekana, wanahisi kuna kitu.

Wajua kwa nini panga za feni huonekana zimejikunja kwenye video ya simu? Kamera ya simu haisomi picha nzima kwa wakati mmoja. Inaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kifupi sana ni kipindi hicho, lakini feni haisubiri. Vivyo hivyo ukigeuza simu kwa haraka, nguzo zilizonyooka hulala ubavu. Kwa kompyuta inayotafuta njia ya kamera, hiyo ina maana kwamba juu ya picha na chini ya picha ni nyakati mbili tofauti. Programu nzuri hujua kulirekebisha jambo hili, ila dawa bora ni kutembea polepole.

Je, wajua kwa nini kitambaa kinachotundikwa nyuma ya waigizaji, ili kikatwe baadaye kwa kompyuta na jumba liwekwe mahali pake, siku hizi ni cha kijani zaidi kuliko cha bluu? Sababu moja kubwa imo ndani ya kamera. Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza mwaka 1976 ya mpangilio wa vichujio ambamo nusu nzima ya vijicho vya kamera huona kijani, robo huona nyekundu na robo huona bluu, akifuata jicho la binadamu ambalo huuona mwanga wa kijani vizuri zaidi. Kamera nyingi za kidijitali bado zina mpangilio huo. Kijani ndiyo rangi inayonaswa kwa usafi zaidi, basi ndiyo inayokatika kwa usafi zaidi.

Pasipo na kitambaa, mtu hukatwa kwa mkono. Fundi anachora mpaka kuzunguka kila kiungo cha mwigizaji anayepita mbele ya jumba la kubuni, fremu kwa fremu. Sekunde 10 za televisheni ni fremu 250. Nywele zikipepea, Mungu amsaidie. Nawaheshimu sana watu wa kazi hii, na sioni sababu majina yao kuwekwa mwisho kabisa wa filamu, watazamaji wakiwa wameshanyanyuka.

Mwanga je? Wajua kwamba mara tu tukio likishapigwa, mtu huingia ameshika tufe linalong'aa kama kioo na jingine la kijivu, akapigwa picha nayo yote mawili? Tufe la kioo huakisi karibu kila kitu kilicholizunguka: jua, mawingu, taa, ukuta wa pembeni. Kutokana na picha hiyo kompyuta inajua mwanga ulitoka wapi na kwa nguvu gani, ikalimulika jumba la kubuni kwa mwanga ule ule. La kijivu huonyesha kivuli kilivyo laini au kikali. Mtafiti Paul Debevec alieleza mwaka 1998 jinsi ya kumulika vitu vya kompyuta kwa mwanga wa kweli ulionaswa kwa tufe la kioo.

Sasa tuhamie michezoni. Tarehe 27 Septemba 1998, katika mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya Baltimore Ravens na Cincinnati Bengals, watazamaji wa televisheni waliona mstari wa njano umelala uwanjani, wachezaji wakiukanyaga na kuuficha kwa miguu yao. Uwanjani haukuwepo. Kampuni ya Sportvision ilifunga vipima mwendo kwenye kamera ili kompyuta ijue kila zinapogeuka, kuinama au kuvuta picha karibu. Kabla ya mechi uwanja wenyewe ulikuwa umepimwa, kwa sababu viwanja hivyo huinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke. Mstari ulionyooka kabisa ungeonekana unaelea. Kisha kompyuta ikafundishwa rangi za nyasi na rangi za jezi: juu ya nyasi chora, juu ya jezi usichore. Yote hayo moja kwa moja, bila nafasi ya kurudia.

Mstari wa rekodi ya dunia unaowakimbiza waogeleaji wa Olimpiki kwenye televisheni ni wa aina hiyo hiyo. Lakini usichanganye! Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, mistari ya kijani iliyokuwa barabarani ilikuwa ya kweli, ikimulikwa na gari lililotangulia, naye aliiona kwa macho yake. Na Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya mita 10,000 huko Valencia tarehe 7 Oktoba 2020 kwa dakika 26:11.00, taa zilizomwongoza zilikuwa zimefungwa ukingoni mwa njia. Muogeleaji hauoni mstari wake. Wanariadha hawa waliona mwanga wao.

Wajua kwamba Wakanda ya Black Panther, filamu ya mwaka 2018, ina kipande cha Afrika Mashariki ndani yake? Jiji la dhahabu ni la kompyuta, lakini picha za angani za nchi hiyo ya kubuni zilichukuliwa katika nchi za Afrika, Uganda ikiwemo.

Na kuna njia mpya inayogeuza mambo juu chini. Katika The Mandalorian ya mwaka 2019 mandhari hayakupandikizwa baadaye. Yalioneshwa palepale, kwenye ukuta wa skrini wenye urefu wa mita 6 kwenda juu, uliozunguka jukwaa la upana wa mita 23 hivi. Kamera ilifuatiliwa papo kwa papo, na kila iliposogea, picha ya ukutani ilibadilika ili milima ya mbali ikawie na mawe ya karibu yakimbie. Ni dirisha la basi lile lile. Zaidi ya nusu ya msimu wa kwanza ilipigwa hivyo.

Je, wajua kwamba chombo cha kufanya sehemu kubwa ya haya ni cha bure? Mwaka 2002 programu ya Oxford iliyoitwa boujou, iliyofanya ufuatiliaji bila fundi kuweka alama kwa mkono, ilipata tuzo ya Emmy ya uhandisi. Wakati huo kazi hii ilikuwa ya studio zenye fedha. Mwaka huo huo, watu wa kawaida walichanga yuro 100,000 kwa wiki 7 ili programu ya Blender, iliyoasisiwa Uholanzi na Ton Roosendaal, iwe mali ya wote. Desemba 2011 Blender ikapata kifuatilia mwendo chake, na mwaka 2012 filamu fupi ya Tears of Steel ilipigwa Amsterdam kukipima kwenye kazi halisi. Mwaka 2025 filamu ya katuni ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa Oscar. Chombo hicho hicho unaweza kukipakua leo usiku bila kulipa senti moja, ukilipia bando tu.

Nilikuomba ukumbuke magofu ya California. Nasi Tanzania tuna yetu. Mwaka ule ule wa 1981 ulioleta vile vitu vitatu, UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Pale Kilwa kuna Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji ule. Leo sehemu kubwa ya kuta imebomoka. Mtoto anayepelekwa kule na shule yake anaona mawe, anachoka, anaomba maji.

Wajua kwamba vipimo vingi vinavyohitajika vimeshachukuliwa? Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza na kwa picha, kwa njia iliyozaliwa na yule kijana wa Wetzlar. Kuta zile zimejaa nyufa na madoa. Kompyuta itapata pa kushika kila inapotazama. Wasomi wa mambo ya kale wanajua matao yalikuwaje na vyumba vilipangwaje. Kinachokosekana ni watu wetu wa video kukaa meza moja na watu hao, wakatembea na kamera kuanzia ngazi za baharini hadi bwawani, na kuta zikainuka pembeni mwao hadi kwenye paa, zikatulia.

Kijana unayepiga video za harusi na za muziki, kazi hii ni yako. Simu inatosha kuanzia. Zima kitulizaji cha picha, maana hukata na kuisogeza fremu bila kukuambia. Funga fokasi na mwanga visijibadilishe, usivute picha karibu, tembea pembeni polepole, jua likiwa upande mmoja. Na ukifika Husuni Kubwa, kabla hujawasha kamera, pima upana wa mlango mmoja kwa futi kamba, uuandike kwenye daftari.